Ugomvi wa Kunong'ona Kinamasini

Mtu ambaye hajawahi kugombana na mchumba wake kwa kunong'ona hajui hasira inavyoweza kumchoma mtu koo. Ukipiga kelele, moto unatoka. Ukinong'ona, unarudi wote kifuani. Asubuhi ile Chiriku alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya kibanda cha turubai, katikati ya kinamasi, goti lake limegusana na goti la mwanamume ambaye yeye alitamani kumzaba kofi, na hakuweza hata kukohoa.

Kilichomzuia kilikuwa mbele yao, ng'ambo ya maji meusi, juu ya tuta la mafunjo yaliyokanyagwa. Korongo nyangumi alikuwa amelalia mayai. Ni ndege wa kijivu, akisimama anamfika mtu kifuani, mdomo wake kama kiatu cha mbao, na macho yake humtazama mtu kama karani aliyekwisha kukwambia urudi kesho. Ndege huyo akishtuka akainuka, jua la kinamasini huyapika mayai kabla hajarudi. Kwa hiyo waliokuja kumpiga picha waliingia kibandani kabla hapajapambazuka, na hawakutoka mpaka mwenzake aje kupokea zamu. Ndege hao wakikutana hugonganisha midomo kwa kishindo, na ndani ya kishindo hicho ndipo mtu anaweza kurudi nyuma kwenye mtumbwi bila kusikika.

Picha ya kupokezana zamu ndiyo pekee iliyobaki. Kitabu cha ndege wa nchi nzima kilikuwa kimekamilika isipokuwa ukurasa huo. Chiriku alikuwa amepiga picha kwenye nyika kavu ambako ndege wote wadogo ni wa kahawia na hata mama yao angewachanganya. Kwenye matope ya pwani. Kwenye ziwa la magadi lililojaa heroe. Na kwenye msitu wa mlimani ambako ukungu uliilowesha lenzi kila alipoifuta. Kila alikokwenda, alikwenda na Masikio.

Jina la Masikio lilimstahili. Alikuwa mtambuzi wa ndege, na aliwatambua kwa sauti. Siku walipokutana, Chiriku alikuwa ametundika picha zake ukumbini, na chini ya moja ameandika kipanga. Kijana mrefu mwenye darubini shingoni akasimama pale muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba huyo ni kozi, tazama mabawa yalivyochongoka na michirizi iliyoshuka chini ya macho. Chiriku alibisha mpaka mlinzi akaja kufunga milango. Kubisha alizaliwa nako. Babu yake ndiye aliyempa jina la Chiriku, ndege asiyeacha kulia, angali mtoto mchanga, kwa vile hakunyamaza hata usingizini. Wiki iliyofuata alibadilisha maandishi chini ya picha, na mwezi uliofuata walikuwa nyikani pamoja, wakila kutoka kwenye sufuria moja.

Sasa Chiriku huyo alikuwa na maneno ya kujaza kinamasi kizima, na hakuruhusiwa kutoa sauti.

Mambo yalianza gatini. Hapo ndipo mahali pekee penye mtandao, na simu yake ilikuwa imepokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wake wa kike. Masikio aliposhika upondo na kuanza kuusukuma mtumbwi gizani, Chiriku aliweka simu sikioni akausikiliza. Mdogo wake alikuwa na furaha isiyo kifani. Baba amekubali, alisema. Harusi iwe kitabu kikishatoka. Na kilichomlainisha baba ni kusikia kwamba dada anaachana na mambo ya porini; ameanza kuondoa kila kitu kwenye chumba cha mbele cha karakana ili kiwe studio ya dada, apige picha za harusi na za pasipoti kama watu wengine. Anapima rafu mwenyewe. Kisha yakaja maneno ambayo Chiriku aliyarudia kuyasikiliza, akidhani amesikia vibaya: "Shemeji ametueleza vizuri sana jinsi mlivyokubaliana."

Hawakuwa wamekubaliana. Hawakuwa hata wamelizungumza.

Alisubiri wakae, alisubiri lenzi itulie kwenye tundu la turubai, alisubiri mwanga ufike. Kisha akanong'ona bila kugeuza uso.

"Mimi na wewe tumekubaliana nini?"

Masikio alifikiri ni swali la kazi. Akasema wamekubaliana aanze na picha za mbali, kisha avute karibu.

"Nauliza ulichomwambia baba yangu."

Masikio alishusha darubini polepole akaiweka mapajani. Mtu huyu ambaye husikia hata ndege mdogo akibadili tawi alikuwa ameketi kama gogo.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Kwa hiyo ni kweli."

Akaanza kujieleza. Alisema alikwenda kwa mzee peke yake kwa sababu mara mbili za kwanza walipokwenda pamoja, mzee na binti waligombana kabla chai haijapoa. Hilo lilikuwa kweli. Baba yake Chiriku ni seremala, mtu wa kupima mara mbili na kukata mara moja, na tangu binti yake alipoanguka mlimani alikuwa amekata shauri moja: hatatoa baraka kwa ndoa ya mahemani. Siku hiyo ya mlimani Chiriku alikuwa akirudi nyuma ili amweke ndege vizuri kwenye fremu, na nyuma hapakuwa na kitu. Alibingirika mpaka kwenye mizizi ya mti, mkono ukavunjika. Masikio alimbeba mgongoni njia yote ya kuteremka, akimwimbia milio ya ndege asije akazimia. Chiriku alimpenda tangu kabla ya hapo, lakini siku ile alijua.

"Mzee alisema kama utaendelea na pori, nisikanyage tena kwake," alinong'ona Masikio. "Ningefanyaje? Nilisema utaacha. Nilitaka kwanza akubali, halafu tungepanga wenyewe, polepole."

"Ulimwambia nimekubali."

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wangu?"

Masikio alianza kuukunja mkanda wa darubini.

"Umeniozesha, umeniachisha kazi na umenijengea rafu," Chiriku alisema, na mnong'ono wake ukapasuka katikati kama kitambaa kikuukuu. "Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa hapa hapa. Nilikuwa nikikupikia uji."

Korongo alisogeza kichwa. Wote wawili wakaganda. Lile jicho la karani likapita juu ya kibanda, likakaa, kisha likarudi kwenye maji. Chiriku alisikia jasho likimtiririka mgongoni. Angeweza kuinuka. Angeweza kulichana lile turubai kwa mikono yake miwili na kupiga ukelele ambao ungesikika mpaka karakanani kwa baba yake. Akakaa, kwa sababu mayai hayakuwa na kosa.

Baada ya muda akauliza, kwa sauti ya mtu anayebonyeza jino bovu kujua kama bado linauma, kuhusu kitabu cha pili. Mchapishaji alitaka kingine, cha ndege wa milimani tu, na yeye alikuwa akingoja kuitwa. Mbona hakuitwa?

Masikio alitazama mikono yake.

"Nilimwomba atafute mpiga picha mwingine wa milimani," alisema. "Nilimwambia afya yako haijatengemaa."

Hili Chiriku hakulitegemea. La baba angeweza kulimeza siku moja, kwa vile baba ni baba na waposaji tangu zamani hudanganya. Lakini hili lilikuwa la kazi, na kazini ndiko walikopendania. Aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza tangu waingie. Ni uso aliokuwa akiujua kuliko wake, kovu dogo kwenye nyusi, midomo iliyozoea kuiga milio. Alikuwa bado anaupenda, na hilo likamwongezea hasira.

"Unamsikia kila ndege wa nchi hii," alinong'ona. "Mimi nalala ubavuni kwako na hujawahi kunisikia nikisema nimechoka na milima. Kwa sababu sijasema."

"Nilikusikia ulivyolia ulipoanguka," alisema Masikio, na macho yake yakajaa maji. "Hiyo sauti haijanitoka. Kila ukirudi nyuma hatua moja naisikia. Siwezi tena, Chiriku. Ninaogopa."

"Basi ungesema unaogopa. Uoga ni wako, kwa nini kifungo kiwe changu?"

Akafungua kinywa kumjibu. Kisha kichwa chake kikainama upande, kama kinavyoinama siku zote, na uso wake ukabadilika kabisa.

"Anakuja," alisema. "Kulia kwako, nyuma ya mafunjo marefu. Anaruka chini chini."

Chiriku hakusikia kitu, wala hakuuliza. Jicho lilikuwa limekwisha kuingia kwenye kamera na kidole kwenye kitufe, kwa sababu mwili wake ulimwamini mtu huyu hata pale moyo ulipokataa. Na kweli, kivuli kikubwa kikatokea kulia, miguu ikining'inia, mabawa yakipiga hewa kwa uzito kama shuka zilizolowa. Mwenzake alitua pembeni mwa kiota, mdomo umefura. Akainama juu ya mayai akayamwagia maji aliyoyabeba, taratibu, mpaka tone la mwisho, kuyapoza. Kisha wale wawili wakainamiana, na kishindo cha midomo kikaanza, kavu na kikali, kama watu wanaogonga mbao kwa mbao.

Alipiga picha machozi yakimtiririka shavuni mpaka kwenye mpira wa kamera. Alipiga maji yakidondoka, alipiga shingo zilizopishana, alipiga aliyetoka zamu akinyoosha bawa moja kama mtu aliyekaa sana kwenye benchi. Zilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga, alijua hilo papo hapo, na hakukuwa na mtu wa kumwambia ila huyo mmoja, na huyo hakutaka kumwambia chochote.

Walitoka ndani ya kishindo hicho. Masikio alinyoosha mkono kushika upondo. Chiriku alikuwa ameshaushika.

Njia nzima ya kurudi aliusukuma mtumbwi yeye, mkono uliowahi kuvunjika ukiuma. Masikio aliketi mbele na vifaa vyote mapajani kama mgeni. Mara moja alisema ampokee. Chiriku alichoma upondo kwenye tope kwa nguvu kiasi kwamba mtumbwi uliyumba, na kijana akaelewa.

Gatini alipiga simu. Baba yake aliipokea haraka, na nyuma yake kulikuwa na mlio wa msumeno.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Afadhali umepiga. Nina futi mkononi hapa. Hizi rafu zako unazitaka za kina gani?"

Sauti ilikuwa ya mtu mwenye furaha, na Chiriku alikaribia kushindwa. Ilikuwa zamani tangu baba yake amwite mama kwa sauti ile. Akakaza moyo, akamwambia kuna mtu ana neno naye, akaweka simu kwenye spika na kumpa Masikio.

"Mwambie," alisema. Sasa hapakuwa na ndege wa kuogopa, lakini alikuta hana haja ya kupaza sauti.

Masikio aliishika simu kama kitu cha moto. Alimwamkia mzee. Kisha, na hili Chiriku alilikumbuka baadaye, hakuzunguka.

"Mzee, nilikudanganya. Binti yako hajakubali kuacha kazi. Sikumuuliza hata kidogo. Na amejua leo."

Msumeno ulinyamaza.

"Ulikaa kwenye kiti changu," alisema baba. "Ulikunywa chai yangu. Nikakuuliza, yeye mwenyewe anasemaje?"

"Ndiyo, mzee."

"Nikakuuliza tena."

"Nikasema amekubali kwa moyo mweupe."

"Mtu akidanganya mara moja tutasema ameteleza," alisema seremala. "Lakini akiulizwa tena akaupiga uongo wake msasa, huyo ni fundi. Na mimi fundi wa namna hiyo simpi mwanangu. Harusi hakuna."

Masikio alifumba macho. Chiriku akaichukua simu mkononi mwake kabla baba hajakata.

"Baba, ngoja. Na mimi nina langu na wewe."

"Wewe huna kosa, mama."

"Sisemi kosa langu, nasema lako." Alisikia pumzi ya baba yake ikikatika. Hakuwahi kumwambia neno kama hilo. "Yeye alidanganya. Lakini wewe ulimuuliza mimi nasemaje, na mimi nina simu. Nina mdomo, na mlinipa jina kwa sababu yake. Mngekuwa mnauziana mlango msingezungumza tofauti."

"Nilikuona hospitali," alisema baba taratibu. "Umelala pale na ule mkono. Hujui mzazi anaona nini."

"Mkono ni wangu, Baba. Umepona. Leo umepiga picha ambayo haijapigwa na mtu yeyote wa ukoo huu."

Kilisikika kitu kikiwekwa juu ya meza, kisha hatua zikienda. Chiriku alidhani simu imekatika, mpaka alipoisikia sauti ya mama yake.

"Ametoka," alisema mama. "Ameacha simu mezani. Anaranda mbao huko nje, na nadhani ilikuwa imeshakuwa mlango wa mtu." "Umekula?"

"Mama."

"Nauliza tu. Na nikwambie kabla hujaambiwa na mwingine. Kijana alipokuwa akisema pale sebuleni, mimi nilijua anadanganya. Nimekuzaa mimi. Wewe huwezi kukubali kitu kwa moyo mweupe bila kukibishia wiki nzima. Nikanyamaza. Nilitaka iwe kweli."

Chiriku alikaa chini kwenye nyasi zenye unyevu. Kwa hiyo walikuwa watatu. Walikuwa sebule nzima.

"Na wewe pia, Mama," alisema.

"Na mimi pia. Kasirika, mwanangu, una haki yako. Baba yako atakupigia akimaliza huo mlango. Lakini kula."

Simu ilipokatika, Masikio alikuwa ameinama juu ya simu yake mwenyewe. Alikuwa akimpigia mchapishaji. Chiriku alimsikiliza kwa mbali akisema kwamba yale aliyoyasema juu ya afya ya mwenzake hayakuwa kweli, kwamba hakuna mpiga picha anayefaa milima ile kuliko yeye, na kwamba kama mchapishaji angependa kutafuta mtambuzi mwingine, asione haya. Alipomaliza alikuja akasimama mbele yake, si karibu sana.

"Nimekosa posa," alisema, "na nimekukosa wewe. Nimefanya yote ili nisikukose."

"Posa ipi? Ulimposa baba, na baba amekukataa. Yameisha hayo." Alikuwa akizifuta lenzi moja moja na kuzirudisha mkobani. "Mimi hujaniposa. Ulikwenda kwa baba, ukaenda kwa mchapishaji, ungekwenda hata kwa yule korongo. Kwangu hukuja."

Masikio akapiga magoti palepale kwenye matope. "Basi nakuja. Chiriku—"

"Usiniulize leo." Alimwinulia mkono. "Leo ukiniuliza nitasema hapana, na nitakuwa namaanisha. Uniulize siku ambayo utaweza kuisikia hiyo hapana bila kwenda kuigeuza mlangoni kwa mtu."

Akabaki amepiga magoti, hajui ainuke au akae. Siku nyingine Chiriku angecheka.

"Kesho?" aliuliza hatimaye. "Picha za zamu ya jioni bado hatujapata. Nije?"

"Kazi inakuhitaji," alisema Chiriku. "Mimi bado sijajua."

Akatupia mkoba begani, akachukua stendi ya kamera, akashika njia ya kambini. Ni njia ya maji na magugu, na tangu siku ya mlimani Masikio ndiye aliyetangulia siku zote, akijaribu ardhi kwa fimbo na kumwambia akanyage wapi. Aliinuka haraka apite mbele kama kawaida yake. Kisha akasimama. Chiriku alimsikia akisimama. Akatangulia yeye.

Hawakufika mbali kabla mguu wa Chiriku haujazama. Tope lilimshika mpaka gotini, mwili ukaenda upande, mkoba ukamvuta. Nyuma yake alisikia pumzi ikimtoka mtu na maji yakipigwa na miguu inayokimbia. Akasubiri kushikwa.

Miguu ile ikasimama. Hakuna mkono uliomgusa. Alisikia tu kupumua, kwa nguvu, kwa mtu anayeizuia mikono yake kwa kazi kubwa.

Chiriku aliichomeka stendi, akaegemea, akauvuta mguu wake mwenyewe mpaka ukatoka na mlio mbaya wa kunyonya. Buti lilijaa tope, lakini lilibaki mguuni. Alikuwa bado amekasirika. Alijua ataamka kesho amekasirika, na labda keshokutwa. Hakugeuka, na hakusema asante. Akashika njia tena, ila mwendo aliupunguza, kidogo tu, kiasi cha mtu wa nyuma kuweza kumfikia.